Duka Tupu Lataka Baraza, na Baraza Lataka Hati

Ndugu msomaji, mtu akitaka kuujua mji asianze kwa kuhesabu maghorofa yake. Na atembee baada ya sala ya alasiri, atazame watu wameketi wapi. Sisi wa pwani tulizaliwa tukaona kwamba duka ni vitu viwili kwa pamoja. Ndani mna mizani, gunia la mchele na debe la mafuta. Nje pana baraza. Ndani huingia mwenye senti, na nje huketi hata asiye nacho. Hapo ndipo zilipopokewa habari za mazishi na za harusi. Hapo ndipo walipopatanishwa majirani waliogombana kwa sababu ya mfereji wa maji machafu. Na hapo ndipo mimi nilipokuwa nikipita kila jioni, ubao wangu wa chuoni chini ya kwapa, nikasalimia wazee mmoja mmoja, na ole wangu nikimruka mmoja.

Kwa hivyo duka likifungwa, haifungwi biashara peke yake. Mizani huondoka, na baraza nalo huvunjika. Wazee hutawanyika, kila mmoja akakaa kwake na redio yake, na vijana hubaki kwenye pembe za njia wakiitwa wahuni na watu wasiojua hata majina yao.

Haya niliyawaza nilipokuwa Garissa. Mtu atokaye Mombasa hupita Malindi, Garsen na Hola, mto Tana ukimfuata ubavuni, mpaka avuke daraja ndipo auone mji. Maji yale yale ayaonayo pale darajani ndiyo yatakayofika Kipini kumwagikia baharini kwetu. Basi asije mtu akaniambia kwamba mambo ya Garissa hayatuhusu watu wa pwani. Mto ni mmoja, kibla ni kimoja, na soko la mifugo la Garissa, ambalo ni miongoni mwa masoko makubwa ya Afrika Mashariki, linajulikana vyema na wachinjaji wetu.

Niliketi pale kwenye kizingiti cha duka lililofungwa, pamoja na mzee mmoja aliyenikaribisha chai ya maziwa yenye hiliki. Nikamwuliza, "Mzee, mwenye duka hili yuko wapi?" Akanijibu, "Maalim, mwenyewe alihama. Kivuli chake amekiacha, ndicho hiki tunachokalia." Nikacheka, kisha nikanyamaza, kwa maana neno lile lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Watu walikuwa bado wanakuja pale. Kufuli iliufunga mlango, lakini mazoea ya mtaa haikuweza kuyafunga.

Garissa umepata mitihani ambayo miji mingi haikuipata. Mwezi wa Novemba 2012, baada ya wanajeshi 3 kuuawa mjini humo, soko la Suq Mugdi liliteketezwa katika msako wa wanajeshi uliofuata, na mali za wafanyabiashara wasiokuwa na hatia zikawa majivu. Tarehe 2 Aprili 2015 likatokea shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, ambamo watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi waliokuja kutafuta elimu. Ikafuata amri ya kutotoka nje usiku. Kampuni 13 za hawala zikasimamishwa kwa wiki kadhaa, na mfanyabiashara aliyezoea kuletewa fedha na nduguye kutoka ng'ambo akabaki mikono mitupu. Chuo hakikufunguliwa tena mpaka Januari 2016. Muuza chakula, mwenye nyumba ya kupangisha na fundi wa nguo waliokuwa wakiwategemea wanafunzi, wote walionja uchungu ule. Kisha mto wenyewe nao ukaja juu, mwishoni mwa 2023 na tena Aprili na Mei 2024, ukawatoa watu majumbani mwao.

Sisemi haya ili kuchokora kidonda. Nasema kwa sababu mji uliopita katika moto, risasi na maji ndio mji unaohitaji zaidi mahali pa kuketi pamoja. Hofu huzaliwa mtu akiwa peke yake, na tetesi hukua pale pasipo na mzee wa kusema, "Hebu ngojeni kwanza tuulize."

Wala watu wa upande ule hawahitaji kufundishwa kujitolea. Tarehe 1 Julai 2012 makanisa 2 ya Garissa yalishambuliwa na watu zaidi ya 10 wakauawa wakiwa katika ibada. Siku chache baadaye viongozi wa dini walikutana wakakubaliana kwamba vijana wa Kiislamu wasimame kuyalinda makanisa ya jirani zao. Hilo ni jambo la kuandikwa kwa wino wa dhahabu, na wengi wetu tumelisahau.

Na kabla ya hapo, kule Wajir, mnamo 1992 na 1993, koo zilipokuwa zikiuana, walioanza kazi ya suluhu walikuwa wanawake, na mahali walipoanzia ni sokoni. Mwanamke wa ukoo huu alikuwa hamwuzii wala hanunui kwa mwanamke wa ukoo ule. Wakatokea kina mama wachache, miongoni mwao marehemu Dekha Ibrahim Abdi, wakasema soko liwe la wote. Wakaweka watu wa kuangalia kila siku, ili asinyimwe mtu maziwa wala mboga kwa sababu ya jina la babu yake. Kutoka kwenye meza zile za mboga ikafika zamu ya wazee kuketi, hata likatolewa Azimio la Al-Fatah mwaka 1993. Dekha alitunukiwa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood mwaka 2007, na akafariki mwaka 2011 baada ya ajali ya gari. Mwenyezi Mungu amrehemu. Mafunzo yake ni kwamba amani haikungojea ukumbi wenye zulia. Ilianza palipokuwa na bidhaa na watu.

Sasa nifike kwenye shauri langu. Kila mji una duka tupu, na Garissa haukosi, kama Mombasa isivyokosa, wala Lamu. Duka tupu halimletei mwenyewe kodi. Humletea panya, popo na vumbi. Wakati huo huo katika bulla ile ile wamo vijana waliomaliza shule wasio na kazi, wamo walimu waliostaafu, wamo kina mama wenye ujuzi wa mkono, na wamo watoto watokao duksi wasio na mahali pa kufanyia kazi ya shule kwa sababu nyumbani chumba ni kimoja na taa ni moja. Kwa nini watu hawa wasilifungue duka lile, wakalifagia, wakalipaka chokaa, wakatandika mkeka, wakaweka mtungi wa maji na kabati la vitabu, likawa nyumba ya mtaa?

Kazi zake hazina haja ya kubuniwa na mtaalamu. Asubuhi kina mama wakutane kwa kusoma na kushona. Alasiri watoto wafanye hesabu zao. Jioni wazee wapate baraza lao. Na katika kona moja aketi kijana mwenye kujua kujaza fomu za serikali, maana siku hizi hata karatasi ndogo huombwa kwa simu. Watu wa Kaskazini Mashariki wanajua kuliko sisi sote thamani ya mtu wa namna hiyo. Kwa miaka mingi kijana wa huko akienda kutaka kitambulisho cha uraia alichujwa kwa namna ambayo mwenzake wa Nyeri hakuchujwa, mpaka uchujaji huo ulipotangazwa kufutwa Februari 2025. Amri ikishatoka juu, bado anatakiwa mtu wa chini wa kumsaidia bibi asiyejua kusoma aifaidi.

Mpaka hapa naamini msomaji yuko pamoja nami. Hata mwenye duka akiombwa kwa adabu, aghalabu atasema, "Chukueni, litumieni." Lakini hapo hasa ndipo ninapotaka tusimame, kwa sababu neno hilo tamu niliwahi kulisikia mwenyewe, nami nalijua lilikonifikisha.

Mwaka 1996, nikiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, sisi vijana saba wa mtaa mmoja wa Mombasa tuliazimwa duka tupu na mzee mmoja mwema. Tulizoa kinyesi cha popo kwa mabeleshi. Tukapaka chokaa, tukagonga rafu za mbao za masanduku, tukazunguka nyumba kwa nyumba kuomba vitabu. Tulipata majuzuu, kamusi, vitabu vya shule na magazeti ya zamani. Umeme tulivuta kwa jirani. Watoto walijaa mpaka wengine wakasomea barazani. Na kila Jumanne walikuja kina mama, miongoni mwao bibi mmoja aliyekuwa akiweka kidole gumba kila alipokwenda kuchukua fedha alizoletewa na mwanawe. Baada ya miezi mitano bibi yule aliandika jina lake. Aliliandika kwa herufi kubwa, zikipanda na kushuka kama mawimbi, akaitia karatasi ile katika kanga yake akaenda nayo nyumbani.

Miaka mitatu tulikaa hivyo. Kisha yule mzee akafariki. Mrithi mmoja akaja na kufuli mpya. Tulimwambia kwamba marehemu alitupa ruhusa. Akauliza, "Iko wapi karatasi?" Hatukuwa nayo. Akauliza, "Nani shahidi?" Shahidi alikuwa sisi wenyewe. Siku ya tatu vitabu vyetu tulivikuta barazani, na mvua ya masika ilikuwa imevitangulia. Bibi yule alikuja Jumanne kama kawaida yake, akaniona nikivikung'uta, akaniuliza, "Mwanangu, sasa nitasomea wapi?" Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo sina.

Nilimlaumu mrithi yule kwa miaka mingi. Leo, nikiwa nami nina mvi, najilaumu mwenyewe. Duka lilikuwa mali yake kwa sheria ya Mungu na ya serikali. Kosa lilikuwa letu. Mimi niliyesoma chuoni, niliyehifadhi Sura ya Bakara kabla sijaota ndevu, nilijua kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani inawaamrisha waumini waandikiane wanapokopeshana, na waweke mashahidi. Niliikariri kwa ulimi, na siku ya kuitumia niliona haya kumwambia mzee mwema, "Tuandikiane." Nilidhani kuandikiana ni kutoaminiana. Kumbe kuandikiana ni kuilinda imani ya watu wawili siku ambayo mmoja wao hatakuwapo.

Mwaka ule ule wa 1996, mwezi wa Oktoba, huko huko Garissa lilianza jambo jingine. Shirika la Maktaba ya Taifa lilianzisha maktaba ya ngamia, likianza na ngamia 3, wabebe masanduku ya vitabu na hema mpaka kwa watoto wa wafugaji wasioweza kufika mjini. Watu walicheka wakati ule, lakini ngamia wale waliendelea miaka mingi na idadi yao ikaongezeka, ilhali maktaba yetu ya Mombasa ilikwisha kwa kufuli moja. Ngamia hakutushinda kwa akili wala kwa nia njema. Alitushinda kwa sababu nyuma yake palikuwa na ofisi, daftari na mshahara wa mchungaji wake.

Wala jambo hili si letu peke yetu. Katika mji wa Liverpool, Uingereza, bandari ambayo mabaharia wa Kisomali na wa Kiyemeni walihamia tangu enzi za meli za makaa, uko mtaa wa Granby. Zamani ulikuwa mtaa wa maduka yaliyojaa watu wa kila rangi. Baada ya machafuko ya 1981 nyumba na maduka yalihamwa, halmashauri ikayaacha yaoze, milango ikapigwa mbao. Wakazi waliobaki, wengi wao wanawake, walianza kwa kufagia njia, wakapanda maua, wakapaka rangi zile mbao za madirishani, wakaanzisha gulio la mtaani. Lakini hawakukomea kwenye maua. Mwaka 2011 walisajili amana ya ardhi ya mtaa, yaani mali inayoshikwa kwa niaba ya wakazi wote, asiweze mmoja kuiuza kwa tamaa yake. Kwa amana hiyo walipata nyumba 10 wakazitengeneza. Mwaka 2015 kundi la wasanifu waliofanya kazi pamoja nao lilipewa Tuzo ya Turner, na mwaka 2019 nyumba 2 zilizobomoka ziligeuzwa bustani ya ndani ya mtaa mzima.

Nilipoisoma habari hiyo nilitabasamu. Wenzetu wametaabika miaka mingi mpaka wakaivumbua amana isiyouzwa, na sisi tunayo tangu enzi ya Mtume, rehema na amani zimshukie. Tumeipokea kwamba Sayidna Umar alipata shamba kule Khaibar akaja kutaka ushauri alifanyie nini. Akashauriwa aizuie asili yake na kuyatoa sadaka mazao yake. Basi shamba lile likawa haliuzwi, halipewi mtu wala halirithiwi. Huo ndio wakfu. Na mababu zetu wa pwani waliuelewa vizuri mno. Waliweka wakfu maduka na nyumba ili kodi zake zinunue mafuta ya taa na mikeka ya misikiti, na mpaka leo Tume ya Wakfu ina ofisi yake Mombasa. Silaha tunayo nyumbani, imening'inizwa ukutani, nasi tunakwenda vitani kwa mikono mitupu.

Kwa hivyo nawaambia vijana wa Garissa, na wa Mombasa na Lamu pia, wanaotaka kulifungua duka tupu: fanyeni, wala msingoje mfadhili. Wafadhili huja na bango, na mradi ukiisha huondoka na bango lao. Lakini kabla hamjashika ufagio, shikeni kalamu. Muandikiane na mwenye duka muda ni upi, na akilitaka atawapa ilani ya miezi mingapi. Mashahidi wawepo, na warithi wake wakubwa wajue. Wekeni kamati ndogo ambamo mna mwanamke mwenye sauti, na mna jirani asiye wa ukoo wenu, na ikiwa mtaa una Wakristo, awemo na wao. Baraza la koo moja au la wanaume peke yao ni duka lile lile lililofungwa, ila kufuli yake haionekani. Na mwanasiasa akileta rangi na mabati, mpeni shukrani, jina lake lisipande juu ya mlango.

Wenye maduka nao nina neno lao. Wapo watakaosema, "Duka ni mtaji wangu, biashara ikirudi nitalitaka." Ni haki yenu, na ndiyo sababu nimesema pawe na muda na ilani. Wapo watakaosema kwamba serikali hutilia shaka vijana wakikusanyika. Hilo nalo ni kweli, na kijana wa Garissa analijua zaidi kuliko mimi. Lakini chumba kilichoandikishwa, chenye mlango wazi, wazee wake wanaojulikana na daftari lake mezani, ni salama kuliko pembe ya njia. Na wapo kati yenu ambao Mungu amewaruzuku maduka matano au kumi. Mmoja wenu akilitenga duka moja tu kuwa wakfu wa mtaa, na la pili kodi yake ilipie taa na maji ya lile la kwanza, atakuwa amefanya jambo ambalo wajukuu wa wajukuu watalikuta.

Msomaji huenda amepata kulisikia jengo la Garissa Lodge huko Eastleigh, Nairobi. Lilikuwa nyumba ya wageni, na mapema katika miaka ya 1990 watu waliokimbia vita vya Somalia wakavigeuza vyumba vyake kuwa maduka, wakiuza mchana palipolaliwa usiku. Kutoka vyumba vile ikakua biashara inayojulikana Afrika Mashariki nzima. Watu walioweza kukifanya chumba cha kulala kuwa duka hawawezi kushindwa kulifanya duka kuwa baraza. Akili wanayo na mikono wanayo. Mimi mzee wenu naomba tu waongeze karatasi moja.

Namaliza kwa beti, kama ilivyo ada yangu:

Mlango uliofungwa, waweza kufunguliwa,
Na nyumba iliyojengwa, haifai kuachiwa,
Kwa Mola ikishatengwa, hapana wa kuitowa,
Jambo jema likipangwa, lataka kuandikiwa.

Bibi yangu wa Jumanne ametangulia mbele ya haki, Mungu amlaze pema. Lakini ninaamini yuko mwingine mfano wake, katika bulla mojawapo ya Garissa, ambaye kidole chake gumba kimechoka kupakwa wino. Akifunguliwa mlango, asije akaufikia Jumanne moja akaukuta una kufuli.